Umeiona kwa Runinga Gani?

Ukimpelekea Ustadhi habari yoyote, iwe ya msiba, ya bei ya mawese au ya mtoto wa jirani kufaulu mtihani, kabla hajafurahi wala kusikitika atakuuliza nani kakwambia. Ukimtaja aliyekwambia, atauliza huyo naye aliambiwa na nani. Atakurudisha nyuma hivyo hivyo mpaka mfike kwa mtu aliyeona kwa macho yake. Mkimkosa mtu huyo, habari yako anaiweka pembeni kama sahani iliyofunikiwa mgeni ambaye hajafika. Haitupi, lakini pia haigusi.

Wageni walidhani ana kiburi. Sisi wa Ujiji tulimzoea, na wengine tulimpenda kwa sababu hiyo hiyo. Mimi nilimjua kwa sababu ya gemu. Najua hapo utataka kuniuliza nani kaniambia kwamba mwalimu wa madrasa, mtu mzima mwenye ndevu za mvi na kanzu iliyopigwa pasi, alikuwa anashinda kwenye chumba cha gemu. Nimeona kwa macho yangu. Chumba chenyewe kilikuwa cha kaka yangu.

Kaka Rama alikifungua kwenye chumba cha mbele cha nyumba yetu, na ukuta wa chumba hicho ndio huo huo ukuta wa madrasa. Upande ule watoto wanasoma alifu, upande huu vijana wanapigana na viumbe wa sayari za mbali kwa sauti ya juu kabisa. Mimi nilikuwa sekondari wakati huo. Nikitoka shule nilikaa mlangoni kusimamia zamu, nani kamaliza na nani anafuata, na siku Ustadhi alipokuja kugomba nilimwona tangu mbali, anakuja na kidole kimeshatangulia.

Ilitokea kwamba alipofika mlangoni hapakuwa na vita. Kwenye runinga alikuwepo mwanamke mmoja wa makamo, kavaa koti refu, yuko peke yake kwenye chumba kidogo cha chuma, anamwagilia mmea kwenye kopo huku akiimba kwa kuguna. Kidole cha Ustadhi kikabaki hewani. Akauliza huyu mama anamwagilia nini humo ndani ya chuma. Kaka Rama, ambaye maishani mwake hajawahi kukiri kwamba kuna kitu hakijui, akasema ni mchaichai. Ustadhi akauliza nani kakwambia. Basi ubishi ukaanza, mmoja anasema mchaichai, mwingine anasema ni majani tu ya kigeni, Ustadhi anataka ushahidi, na walipokuja kushtuka muadhini ameshaanza magharibi. Alitoka mbio akasahau kugomba. Kesho yake alirudi kugomba, akakuta mama yule anaongea na roboti, akasahau tena. Baadaye walikubaliana na kaka kwamba saa za madrasa sauti inapunguzwa mpaka chini, na baada ya alasiri yeye anaruhusiwa kukaa kwenye kiti cha nyuma.

Gemu yenyewe ilikuwa na jina refu la Kiingereza. Sisi tuliiita Safina, kwa sababu ni hadithi ya meli kubwa inayowabeba watu kutoka dunia iliyokufa kuwapeleka kwenye jua jingine. Ilitoka kwa sehemu, na kila sehemu ilichukua miaka. Mama mwenye koti ndiye Nahodha. Roboti wake, mwenye jicho moja kubwa na taa kifuani, tulimwita Fundi. Majina hayo hayapo popote isipokuwa Kigoma, lakini ukija hapa ukiyataja majina ya kwenye boksi hakuna atakayekuelewa.

Watu wengi walicheza Safina ili wapige risasi. Kundi letu lilikuwa na ugonjwa mwingine, tulipenda kujua. Ukitaka kutukosanisha, uliza meli ile ina madirisha mangapi upande wa mbele. Tulijua taa ya Fundi inakuwa bluu akisema kweli na kijani akidanganya. Tulijua Nahodha anakunywa kwenye kikombe chenye ufa, na ufa huo kwenye sehemu ya kwanza uko karibu na mkono lakini kwenye sehemu ya pili umehamia upande wa pili, na tulijadili wiki nzima kama ni makosa ya waliotengeneza au ni kikombe kingine. Kila Jumamosi baada ya alasiri tulikutana kubadilishana habari za namna hiyo, na kikao chetu tulikiita gulio. Kwenye gulio unaleta kitu ambacho wenzako hawakijui, unapewa ambacho wewe hukijui. Ukileta kinachojulikana na wote, unawanywesha watu kahawa.

Kabla Ustadhi hajaingia, gulio lilikuwa soko la uongo. Mwenye sauti kubwa ndiye aliyekuwa na habari kubwa. Yupo aliyedai kuna mlango wa siri kwenye chumba cha mitambo, ukiugonga mara nyingi unatokea Kigoma stesheni. Tulipoteza Jumamosi kadhaa tukigonga mlango huo.

Ustadhi alituvumilia kidogo, kisha akaweka utaratibu bila kuombwa na mtu. Anayeleta habari aseme kwanza kaipata wapi. Kama kaona mwenyewe, aseme kaona sehemu ya ngapi, mahali gani. Kama kasikia, amtaje aliyemwambia, na huyo naye aliambiwa na nani. Habari ikifika kwa aliyeona bila kukatika, Ustadhi anasema "madhubuti", tunaipokea. Ikikatika njiani, anasema "legelege", tunaiacha mpaka apatikane shahidi. Na kulikuwa na daraja la tatu, la watu ambao wanaona kweli lakini wakisimulia kitu kinanenepa njiani. Hilo aliliita "chumvi", na mwanachama wake wa kudumu nilikuwa mimi.

Sikatai. Nilipenda hadithi inoge. Nikiona Fundi kaanguka ngazini, kwenye gulio alikuwa kaanguka ngazi zote huku akilia. Ustadhi ananisikiliza mpaka mwisho, ananiangalia kwa huruma, halafu anawaambia wenzangu, "Kaanguka. Yaliyobaki ni ya Zaituni." Watu wanacheka, na mimi nacheka, lakini nilikuwa nakwenda nyumbani na hamu ya kusikia walau siku moja neno madhubuti likitajwa pamoja na jina langu.

Msikitini maneno yalianza, kama ilivyotegemewa. Baadhi ya wazee hawakupendezwa kusikia kwamba Ustadhi anawafundisha wacheza gemu kutaja nani kasikia kwa nani, kama vile wanavyofanya wanavyuoni katika mambo mazito. Walimwita, na habari ya kikao hicho nimeipata kwa baba yangu, aliyekuwepo. Anasema Ustadhi hakubishana. Aliwaambia kwamba ya dini ni ya dini na yeye hayafananishi na kitu chochote, ila adabu ya kutosema usichokijua haina mlango mmoja wa kuingilia, unaweza kuianza popote, hata kwenye mchezo. Akaongeza kwamba tangu vijana wale waanze kuulizana nani kakwambia, hata umbea wa mtaani umepungua. Hilo lilikuwa kweli, na wazee walijua ni kweli, kwa sababu umbea wenyewe ulikuwa unawahusu. Walimwacha.

Lakini alikuwa mkali juu ya mpaka huo. Mmoja wetu aliwahi kusema "wallahi" akitetea rangi ya buti za Nahodha. Ustadhi alisimama akavaa makubadhi yake akaondoka, na Jumamosi iliyofuata hakuja. Tulikwenda nyumbani kwake kumwomba radhi, tumebeba kilo ya sukari.

Usidhani alikuwa mtu wa kunyooka kama rula. Alikuwa na vituko vyake. Kwanza hakuwahi kushika padi ya kuchezea. Tulimbembeleza, akasema mikono yake imezoea chaki. Pili, yeye aliyedai ushahidi wa macho alikuwa mwoga wa viumbe. Wakitokea wale wakubwa wa sehemu ya pili alijifunika uso kwa kilemba, halafu baadaye anatuuliza kilichotokea, na sisi tunamuuliza, "Ustadhi, si ulikuwepo?" Anajibu kwa heshima zote kwamba alikuwepo ila hakuona, kwa hiyo ni msikilizaji. Tatu, alisema mbele za watu kwamba gemu zinakula muda wa vijana, na alisema hivyo akiwa amefika kabla ya kijana yeyote, kiti cha nyuma kimeshasogezwa mbele. Nilimpenda zaidi kwa vituko hivyo kuliko kwa hekima zake.

Sasa niseme habari ya koti, kwa maana hiyo ndiyo ilitufanya tujulikane mpaka Katubuka.

Katubuka kulikuwa na kundi jingine la Safina, na mkubwa wao alikuwa Deo, kijana wa Kiha mrefu, fundi simu, mwenye maneno mengi na moyo mzuri. Tulikuwa tukitembeleana. Siku moja gulio lilifanyika kwao, na katika mazungumzo Deo akataja koti jekundu la Nahodha. Sisi wa Ujiji tukaangua kicheko. Koti la Nahodha ni la kijani, kila mtoto anajua. Wao wakacheka zaidi. Ubishi ukawa mkubwa hata mama muuza maandazi wa jirani akaja kuona nani kapigwa. Ustadhi akanyamazisha watu, akawauliza Katubuka mmoja mmoja kama wameona wenyewe. Wote wameona. Akageuka kwetu, sote tumeona. Mwisho akasema kwa sauti yake ya kufunga mjadala, "Na mimi nimeona kwa macho yangu. Ni kijani." Tulirudi Ujiji kifua mbele.

Wiki ile ile runinga ya kaka ilizimika. Fundi wa runinga aliyeitengeneza alipoiwasha, nyuso za watu zilikuwa na rangi ambayo hatukuwahi kuiona, damu ilikuwa damu, na Nahodha alitokea na koti jekundu kama pilipili. Kumbe runinga ile ilikuwa imepoteza rangi nyekundu miaka mingi, polepole, na sisi macho yetu yaliizoea. Kaka Rama akapendekeza tusiwaambie Katubuka.

Ustadhi alikuwa ameshasimama. Alitoka wakati ule ule, akapanda bodaboda kwenda Katubuka, na kaka na mimi tukamfuata tukimsihi angoje angalau Jumamosi. Alimkuta Deo kibandani ana simu ya mtu imefunguliwa vipande vipande. Akamwambia mbele ya wateja, "Nilikwambia kijani nikasema nimeona. Nimekosea. Ni jekundu." Deo aliona haya kuliko sisi sote. Akajaribu kusema haina shida, gemu tu hii, lakini Ustadhi akamkatiza kwamba aliyasema mbele ya watu kwa hiyo anayaondoa mbele ya watu. Tulirudi naye mpaka karibu na nyumbani. Hapo akasema kuanzia leo utaratibu unaongezwa neno. Mtu akisema nimeona, aulizwe ameona kwa runinga gani.

Tangu siku hiyo Deo akawa mtu wake. Habari za Kagunga, kule mpakani, zote zililetwa na Deo, kwa maana alikuwa na shemeji anayefuata dagaa huko na kukutana na vijana wa Burundi waliocheza Safina ya Kifaransa. Habari za kuvuka mpaka zilikuwa tamu na Ustadhi alizipenda, ila alizichekecha hasa. Shemeji kasikia kwa nani, huyo Mrundi kaona au kaambiwa, runinga yake nzima? Deo akawa anampigia shemeji simu palepale na kuweka spika, na shemeji yuko kwenye boti, injini inanguruma, anapiga kelele akielezea hali ya runinga ya mtu wa Burundi.

Kulikuwa na swali moja ambalo hakuna shemeji aliyeweza kulimaliza. Mwisho wa sehemu ya tatu, Safina inataka kutoka kwenye sayari ya maji, na lango la kutokea linafungwa kwa nje tu. Nahodha anabaki nje. Anawafungia wenzake lango, meli inaondoka, na tunamwona mara ya mwisho amesimama kwenye maji ya magotini, kopo la mmea wake mkononi, na Fundi kando yake. Picha inakuwa nyeusi. Hakuna zaidi.

Kigoma nzima ilisema amekufa. Deo ndiye aliyelisema kwa nguvu. "Ustadhi, hewa hakuna, chakula hakuna, maji kila upande. Yule mama kadedi."

"Umemuona akifa?"

"Sijamuona, ila ukifikiria..."

"Basi ishia kwenye sijamuona."

Ubishi huo ulidumu miaka. Waliotengeneza Safina walikaa kimya, wakawa wanaahidi sehemu ya nne na kuahirisha, na sisi tukakua. Watu walioa. Wengine walikwenda Dar es Salaam, mmoja Mpanda, mmoja akavuka kwenda Kalemie na kufungua duka. Mimi nilikwenda chuo cha ualimu nikapangiwa shule Kidahwe. Kila aliyerudi likizo alipita kumwamkia Ustadhi, na baada ya shikamoo na marahaba swali lilikuwa lile lile, Nahodha je. Na yeye jibu lake ni kwamba hatukumuona akifa.

Nilimuuliza siku moja kwa nini suala hilo limemkaa hivyo. Tulikuwa wawili, chumba hakina watu. Akasema, "Mwanangu, mtu akibaki nje ili wenzake waende, msiwe na haraka ya kumzika." Kisha akaniuliza kama Kidahwe mvua zimeanza. Nyuma ya ukuta watoto walikuwa wanasoma, wadogo wa wale aliowafundisha, na wakubwa wao wote wameshaondoka. Nikaelewa.

Macho yake yalianza kuharibika pole pole, na yeye alikuwa wa mwisho kukubali. Alilalamika kwamba chaki za siku hizi hazina weupe. Alimwambia kaka aongeze mwanga wa runinga, kaka akaongeza mpaka mwisho, akasema bado. Alipopelekwa hospitali wakamwambia ni presha ya macho, na kilichokwisha kupotea hakirudi. Alituletea habari hiyo yeye mwenyewe Jumamosi, akiwa amekaa kwenye kiti chake, na kwa mara ya kwanza hakuna mtu aliyemuuliza nani kakwambia. Akatazama mahali ilipo runinga, akasema macho yake sasa yamekuwa kama ile runinga ya zamani ya Rama, tofauti ni kwamba hayana fundi.

Sehemu ya nne ilitoka mwaka uliofuata.

Deo ndiye aliyeipata, na badala ya kuicheza kwao Katubuka aliibeba mpaka Ujiji bila kuifungua. Waliokuwa mbali walipiga simu kutuapisha tusimwambie mtu yeyote mwisho wake. Kaka alishanunua runinga mpya, kubwa, nyembamba, rangi zote zimo. Tulicheza kwa zamu kutoka Ijumaa baada ya swala, na Jumamosi alasiri, mwisho ulipokaribia, tukamleta Ustadhi tukamketisha mbele kabisa. Aliweka mikono magotini. Alikuwa anaona mwanga unabadilika, basi.

Kaka akauliza nani amsimulie. Vijana watatu wakajitolea, wote madhubuti wa miaka mingi. Ustadhi akasema, "Zaituni asimulie."

Wakacheka, wakidhani anatania. Deo akasema, "Ustadhi, huyu chumvi yake tunaijua wote."

"Yeye pia anaijua. Anajua inapowekwa."

Nikakaa chini karibu na goti lake. Kaka akashika padi. Nikaanza kusema ninachokiona, sauti ya chini, na chumba kizima kikanyamaza ili anisikie.

Nikamwambia Safina nyingine imekuja, ndogo, ya wajukuu wa wale walioondoka. Imeshuka sayari ya maji. Nikamwambia kuna ufukwe wa mawe madogo, kama ule wa kwetu Bangwe. Akanigusa bega. "Sema ulichoona. Bangwe haimo." Nikasema ufukwe wa mawe madogo. Nikasema kuna majani, marefu, membamba, ufukwe wote umejaa, mpaka juu kilimani. Akauliza majani gani. Nikasema ni yale ya kwenye kopo.

"Mchaichai?"

"Hawajataja jina."

Akaitikia kwa kichwa, kaka Rama akaguna. Ikapita dakika ambayo wajukuu wale wanatembea kwenye majani, nami nasema wanatembea. Kisha Fundi akatokea. Amekaa chini, ana kutu, jicho limefifia, na pembeni yake kuna mawe yaliyopangwa kwa urefu wa mtu.

Hapo ulimi wangu ulisimama. Ningeweza kuishia kwenye majani. Majani yenyewe yalikuwa ushindi, kwa maana hayakujipanda, Nahodha hakufa pale langoni, Ustadhi alikuwa sahihi miaka yote na Kigoma nzima ilikosea. Ningemwambia aliishi, anaishi, angekwenda nyumbani na furaha yake. Nikainua macho nikakutana na Deo. Deo, aliyemzika Nahodha kila Jumamosi kwa miaka, alikuwa ananitikisia kichwa, macho yamejaa maji, ananiomba nisiseme.

"Kuna nini?" Ustadhi akauliza.

Nikasema Fundi amekaa kando ya mawe. Mawe yamepangwa kwa urefu wa mtu. Fundi anaongea. Anasema Nahodha aliishi hapa miaka mingi, akapanda ufukwe wote huu, akazeeka. Anasema yeye ndiye aliyemzika.

Ustadhi hakusogea. Akauliza, "Taa yake rangi gani?"

"Bluu."

"Umeona?"

"Nimeona."

"Runinga nzima?"

"Nzima, Ustadhi."

Akafungua mdomo, na nilijua neno analotaka kusema, lile tunalosema tukisikia msiba. Akajizuia, kwa maana ya dini hakuyachanganya na mchezo hata siku hiyo. Akasema tu, "Basi amekufa." Deo akasema kutoka nyuma kwamba lakini aliishi kwanza. "Ndiyo," akasema Ustadhi. "Aliishi kwanza." Akavua miwani ambayo haikuwa inamsaidia tena, akaifuta kwa kanzu muda mrefu. Hakuna aliyewasha taa wala kuondoka. Siku hiyo hakutaja daraja lolote, na mimi sikuthubutu kuuliza.

Nimekwenda Ujiji juzi, shule zimefunga. Nilishuka kwenye gari la Kasulu, lile linalopita Kidahwe, nimejaa vumbi, nikapita kwa miguu kuelekea nyumbani, na pale kwa muuza kahawa nikamwona Ustadhi kwenye benchi, fimbo katikati ya magoti. Pembeni yake alikuwepo kijana mgeni, kwa lafudhi yake Mrundi, mmoja wa wale wanaokuja na boti za biashara. Kijana alikuwa anaeleza kwa furaha kwamba kwao wanajua Nahodha hakufa, ilikuja meli ikamchukua, na kaburi lile ni la mtu mwingine.

"Nani kakwambia?" akauliza Ustadhi.

Kijana akamtaja rafiki yake. Rafiki naye alisikia kwa mtu sokoni. Mtu wa sokoni hakujulikana jina.

Ustadhi akanywa kahawa yake mpaka ikaisha, akarudisha kikombe kwa kupapasa. Mimi nilikuwa nimesimama hatua chache nyuma yake, begi mkononi, sijaamkia.

"Yako ni legelege," akamwambia kijana kwa upole. "Chukua hii. Nahodha aliishi, akapanda, akazeeka, akafa, akazikwa na Fundi. Mimi sikuona. Nimeipokea kwa Zaituni, anayefundisha Kidahwe. Yeye ameona kwa macho yake, kwa runinga nzima, na hakuongeza kitu."

Nikamsogelea.

"Shikamoo, Ustadhi."

"Marahaba." Akageuza uso upande wangu, akainamisha sikio. Nikaona ameitambua sauti, lakini mazoea ni mazoea. "Nani kakwambia nipo hapa?"

"Hakuna aliyeniambia. Nimekuona kwa macho yangu."

Akasogea kwenye benchi, akapapasa nafasi kando yake ili nikae, na akamwambia muuza kahawa alete kikombe kingine.